Kuhifadhi Video za Familia: Diski, Nakala na Wajibu wa Kuzikagua

Miongoni mwa mali ambazo familia za leo huachiana, video zilizopigwa nyumbani zina hadhi ya peke yake, kwa sababu ndani yake mna sauti ya babu aliyekwisha kufariki, nyimbo za akina mama waliomsindikiza bibi harusi, hatua za kwanza za mtoto ambaye sasa ni mtu mzima, na nyuso za jamaa ambao hawatakutana tena wote mahali pamoja. Filamu ya biashara ikiharibika katika nyumba moja hupatikana katika nyumba nyingine au dukani, ilhali video ya familia aghalabu huwa na nakala moja tu, ndani ya simu moja, kompyuta moja au kanda moja, na ikipotea hakuna duka wala maktaba inayoweza kuirejesha. Pamoja na thamani hiyo, video ndizo zenye mafaili makubwa kuliko yote yanayopatikana katika nyumba ya kawaida, na ukubwa huo huwafanya watu wengi waahirishe kazi ya kuzihifadhi hadi siku simu inapoibiwa au kompyuta inapokataa kuwaka.

Nakala ya akiba, ambayo kwa istilahi ya kompyuta huitwa chelezo, ni nakala kamili ya faili inayowekwa mbali na ile ya matumizi ya kila siku ili itumike endapo ile ya kwanza itapotea. Kwa miaka mingi nakala hizo zimewekwa katika diski za CD, DVD na Blu-ray, na hadi leo diski hizo zina sifa ambazo vyombo vingine havina, ingawa pia zina udhaifu ambao mnunuzi haambiwi dukani. Hakuna chombo ambacho mtu anaweza kukinunua leo, akakiweka kabatini na kuhesabu kwamba kazi ya kuhifadhi imekwisha, kwa kuwa video hudumu kwa utaratibu wa watu wenye kuzitunza, yaani kuwa na nakala zaidi ya moja, kuzikagua kila baada ya muda na kuzihamisha kabla mashine za kuzisoma hazijatoweka.

Ukubwa wa video na namna ya kuukadiria

Video ya dijitali ni mfululizo wa picha, kwa kawaida 25 au 30 kwa kila sekunde, ambazo zingehifadhiwa zilivyo zingejaza chombo chochote cha nyumbani kwa muda mfupi mno. Kwa sababu hiyo kamera na simu hutumia ubanaji, yaani mbinu ya kihesabu ya kuondoa taarifa zinazojirudia kutoka picha moja hadi inayofuata, kwa mfano ukuta wa ukumbi usiobadilika wakati wasemaji wanabadilishana kipaza sauti. Mbinu ya ubanaji iitwayo H.264, ambayo ilikamilishwa mwaka 2003, ndiyo iliyoenea zaidi, na mrithi wake HEVC wa mwaka 2013 huweza kuhifadhi picha ya ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya nafasi.

Kipimo cha kukadiria ukubwa ni kasi ya biti, yaani idadi ya biti zinazotumika kuandika sekunde moja ya video. Biti ni alama ndogo kabisa ya taarifa, yenye thamani ya sifuri au moja, na biti nane hufanya baiti moja. Kwa hiyo mtu akijua kamera yake inarekodi kwa megabiti 25 kwa sekunde, huzidisha 25 kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha hugawa kwa nane, na kupata megabaiti 11,250, ambazo ni zaidi kidogo ya gigabaiti 11. Kanda ndogo za MiniDV zilizoingia sokoni mwaka 1995 hutoa takriban gigabaiti 13 kwa saa zikihamishiwa kwenye kompyuta. Kamera za mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hufikia gigabaiti 10 na zaidi kwa ubora wao wa juu. Na simu ya iPhone inayotumia HEVC hukadiriwa na mtengenezaji wake kutumia megabaiti 60 kwa dakika ikiwa picha ni ya kiwango cha HD, au megabaiti 170 kwa dakika ikiwa ni ya kiwango cha 4K, ambazo ni sawa na gigabaiti 10 kwa saa.

Hesabu hiyo inaonyesha mara moja uzito wa tukio moja la kifamilia. Harusi inayopigwa kwa saa sita na kamera mbili, kila moja ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, huzalisha gigabaiti 270 kabla ya mhariri kugusa chochote. Kiasi hicho kingehitaji DVD za kawaida 58, au diski 11 za Blu-ray za tabaka moja, au diski tatu za Blu-ray zenye gigabaiti 100 kila moja, na ni vyema familia ifanye hesabu ya namna hii kabla ya kuamua ihifadhi nini na katika chombo gani.

Diski inavyoandikwa na kusomwa

Diski za CD, DVD na Blu-ray zote zina kipenyo kilekile cha milimita 120, na zote husomwa kwa leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga wa rangi moja, unaopita juu ya njia ya mzunguko iliyojaa alama ndogo sana na kurudi kwenye kipokezi kwa nguvu tofauti kulingana na alama iliyopitiwa. Tofauti kubwa iko katika urefu wa wimbi la mwanga huo, kwa sababu wimbi fupi huweza kutambua alama ndogo zaidi, na alama zikiwa ndogo nafasi ileile hubeba taarifa nyingi zaidi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutokana na ushirikiano wa Philips na Sony, husomwa kwa wimbi la nanomita 780, ambapo nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na hubeba takriban megabaiti 700. DVD ya mwaka 1996 hutumia nanomita 650 na kubeba gigabaiti 4.7, au 8.5 ikiwa na matabaka mawili. Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, hutumia mwanga wa zambarau ielekeayo buluu wa nanomita 405 na kubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa mawili, na tangu mwaka 2010 kuna aina yake iitwayo BDXL yenye gigabaiti 100 au 128.

Wanunuzi wengi hushangaa kuona DVD iliyoandikwa gigabaiti 4.7 ikionyeshwa na kompyuta kuwa na 4.38 tu. Hakuna aliyeibiwa kitu: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali programu nyingi za kompyuta huhesabu kwa mizidisho ya 1,024, na kwa sababu hiyohiyo Blu-ray ya gigabaiti 25 huonekana kuwa na 23 na kidogo. Mtu anayepanga mafaili yake kwa hesabu ya kompyuta atumie tarakimu ndogo, asije akakuta faili la mwisho halitoshi.

Diski ya kuandikwa nyumbani hutofautiana na ile ya filamu inayouzwa madukani. Ya dukani hupigwa chapa kiwandani, ambapo alama zake hukandamizwa katika plastiki na kufunikwa na madini yanayoakisi mwanga, lakini ya kuandikwa nyumbani huwa na tabaka linalobadilika linapopigwa na leza yenye nguvu, na ndiyo maana watu husema wanachoma CD au DVD. Katika CD na DVD nyingi tabaka hilo ni rangi ya kikemikali, na rangi hiyo ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote, kwa maana huchakaa kwa mwanga, joto na umri hata kama diski haijaguswa na mtu.

Diski ya kutazamia na diski ya kuhifadhia

Kosa linalozigharimu familia nyingi kumbukumbu zao ni kuichukua DVD ya kutazamia kuwa ndiyo hifadhi. Mpiga video anapokabidhi DVD inayocheza kwenye deki ya sebuleni, huwa ameibana upya video yake kwa mbinu ya zamani ya MPEG-2 na kuipunguza hadi nukta 720 kwa 576, ambacho ndicho kipimo cha DVD katika nchi zilizofuata mfumo wa televisheni wa PAL, zikiwemo Tanzania na Kenya. Picha ya 4K iliyopigwa na simu ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani mara ishirini ya hizo, na nukta zilizokwisha kutupwa wakati wa kubana haziwezi kurudishwa na mtaalamu yeyote. Vivyo hivyo, kila video inapobanwa upya hupoteza kitu, hata pale jicho lisipotambua hasara hiyo mara ya kwanza.

Diski ya kuhifadhia huandikwa kwa namna nyingine: mafaili hunakiliwa kama data, yaani yalivyo, biti kwa biti, bila programu kuyabadilisha, na ingawa huenda yasicheze kwenye deki, kompyuta huyasoma na kuyarudisha yakiwa sawasawa na yalivyotoka kwenye kamera. Familia inayolipia video ya harusi ina haki ya kudai vitu viwili, yaani diski au flashi ya kutazamia pamoja na faili la mwisho la ubora kamili, na ikiwezekana pia mafaili ghafi, na ni busara madai hayo yaandikwe katika makubaliano kabla ya malipo ya awali kutolewa, kwa kuwa wapiga video wengi hufuta kadi na diski zao ili kupata nafasi ya kazi inayofuata.

Kuna kikwazo kingine kinachowasumbua watu wanaohamisha video ndefu. Mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kupanga mafaili ndani ya chombo, una mipaka yake, na mfumo wa FAT32 unaotumiwa katika flashi na kadi nyingi haukubali faili lolote lenye gigabaiti 4 au zaidi. Kwa hiyo kamera nyingi hukata rekodi ndefu katika vipande vya karibu gigabaiti 4, na mtu anayehamisha kazi hiyo anapaswa kunakili folda nzima bila kubadilisha majina wala kuchagua vipande, maana mfuatano wake huweza kuvurugika. Flashi inayokataa faili kubwa ilhali nafasi ipo hubadilishwa iwe katika mfumo wa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, na diski za DVD na Blu-ray huandikwa kwa mfumo wa UDF, ambao huruhusu mafaili makubwa.

Endapo faili moja ni kubwa kuliko diski yenyewe, zipo programu zinazoweza kulipasua katika sehemu na kuziunganisha baadaye, lakini njia hiyo ina hatari, kwa sababu sehemu moja ikiharibika faili zima huweza kushindwa kufunguka. Njia salama zaidi ni kuikata video kwa matukio, kwa mfano nikaha, mapokezi, chakula na nasaha za wazee, kwa kutumia programu inayokata bila kubana upya, ili kila kipande kiwe faili kamili linalofunguka lenyewe na diski moja ikiharibika isiangushe nyingine.

Maadui wa diski katika hali ya hewa ya pwani

Mwaka 2003 taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa utunzaji wa CD na DVD ulioandikwa na Fred Byers kwa ajili ya maktaba na wahifadhi kumbukumbu, na mwongozo huo ulipendekeza diski za kudumu ziwekwe katika joto la kati ya nyuzi 4 na 20 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 20 na 50. Mtu anayeishi Mombasa, Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam ataona mara moja kwamba nyumba yake iko nje ya mipaka hiyo, kwa sababu joto la mchana hupita nyuzi 25 karibu mwaka mzima na unyevu wa hewa kwa kawaida huzidi asilimia 70. Hali hiyo huharakisha kuchakaa kwa rangi ya kikemikali, hudhoofisha gundi inayounganisha pande mbili za DVD, huruhusu tabaka la madini kuharibika pale unyevu unapopenya ukingoni, na huotesha ukungu juu ya plastiki.

Familia haihitaji chumba cha makumbusho ili kupunguza madhara hayo. Diski iwekwe ndani ya kava lake gumu, isimame wima kama kitabu, kava litiwe ndani ya kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika jeli, ambavyo ni punje zinazofyonza unyevu, na kisanduku kiwekwe katika kabati la ndani lisilopigwa na jua, mbali na dari la bati, jiko na ukuta unaotoka maji. Wenye jamaa wanaoishi katika maeneo ya baridi kama Arusha, Mbeya au Limuru wana sababu mbili za kupeleka nakala huko, yaani hali ya hewa iliyo nafuu na umbali kutoka nyumba ya kwanza.

Namna ya kuishika diski nayo hutegemea maumbile yake. Katika CD tabaka lenye taarifa liko chini tu ya upande wa maandishi, likilindwa na vanishi nyembamba, na kwa hiyo mkwaruzo wa upande huo, ambao watu huudharau, ni hatari kuliko ule wa upande wa chini. Katika DVD tabaka hilo liko katikati ya sahani mbili za plastiki, na katika Blu-ray liko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ukilindwa na mpako mgumu. Kwa diski zote inashauriwa kuzishika ukingoni, kuandika kwa kalamu laini ya wino usio na kiyeyusho juu ya upande wa maandishi, kuepuka vibandiko vya karatasi vinavyovuta upande mmoja na kuyumbisha diski inapozunguka, na kufuta vumbi kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje badala ya kuzungusha.

Ubora wa diski hutofautiana tangu dukani. Blu-ray nyingi za kuandikwa hutumia tabaka la madini badala ya rangi ya kikemikali, aina inayotambulishwa kwa herufi HTL, na hizo hustahimili mwanga na joto kuliko zile za LTH zenye rangi. Ipo pia aina ya M-DISC iliyoanzishwa na kampuni ya Millenniata ya jimbo la Utah nchini Marekani, ambayo huchongwa katika tabaka gumu lisilo na rangi ya kikemikali na ambayo kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingeweza kudumu miaka 1,000. Madai ya namna hiyo hutokana na majaribio ya kuharakisha uzee kwa joto na unyevu ndani ya maabara, na hata pale yanapoaminika, huzungumzia diski peke yake bila kugusa mashine ya kuisoma, jambo ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Kuandika kwa uangalifu na kuhakiki

Diski nzuri iliyoandikwa vibaya haina faida. Mtu anayechoma diski ya kuhifadhia anashauriwa kuchagua kasi ya wastani, kutojaza diski hadi ukingo wake wa nje ambako kasoro huanza, kuepuka kuitumia kompyuta kwa kazi nyingine nzito wakati huo, na katika maeneo ambako umeme hukatika, kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, kwa kuwa diski ya kuandikwa mara moja ikikatishwa katikati kwa kawaida huwa imekufa.

Baada ya kuandika hufuata uhakiki, yaani kompyuta kusoma tena diski nzima na kuilinganisha na mafaili ya asili, hatua ambayo programu nyingi huitoa kama chaguo na watu wengi huiruka kwa haraka. Wanaotaka uhakika zaidi hutengeneza alama ya utambulisho wa faili kwa kanuni ya kihesabu kama SHA-256, ambayo hulipa kila faili mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na biti moja tu ikibadilika ndani ya video ya gigabaiti 10, mfuatano wote hubadilika. Orodha ya alama hizo ikihifadhiwa pamoja na diski, mtoto au mjukuu ataweza kuthibitisha baada ya miaka mingi kwamba faili alilonalo ni lile lile lililowekwa na wazazi wake.

Haja ya kukagua inatokana na jinsi diski zinavyojirekebisha. Tangu CD ya kwanza, diski huandikwa pamoja na taarifa za ziada za kusahihisha makosa kwa kanuni ya wanahisabati wa Marekani Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960, na kwa msaada wake mashine huweza kujaza mapengo yanayotokana na mkwaruzo au doa bila mtazamaji kujua. Manufaa hayo yana upande wa pili, kwani diski inayochakaa huendelea kucheza vizuri huku makosa yakiongezeka kimyakimya, hadi siku yanapozidi uwezo wa kusahihishwa, na siku hiyo faili hukataa kufunguka kwa ghafla. Kwa hiyo diski iliyocheza vizuri mwaka jana haijathibitisha chochote kuhusu mwaka huu, na kila familia inapaswa kujiwekea siku ya ukaguzi, angalau mara moja kila mwaka au miwili.

Diski ikilinganishwa na vyombo vingine

Diski ngumu ya nje, ambayo hubeba gigabaiti elfu moja au zaidi kwa umbo la mfukoni, ndiyo njia rahisi zaidi kwa gigabaiti moja, nayo huandika kwa kasi kubwa kuliko diski za CD, DVD na Blu-ray. Hata hivyo ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo mno, kwa hiyo huumia ikiangushwa, na mishtuko ya umeme huweza kuiua. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imechapisha takwimu za mamia ya maelfu ya diski ngumu zake, huripoti kwamba kwa kawaida kati ya moja na mbili katika kila mia hufa kila mwaka, hata katika vyumba vyenye ubaridi na umeme wa uhakika. Flashi na kadi za kumbukumbu huhifadhi taarifa kwa chaji ya umeme ambayo huvuja polepole, kwa hiyo zinafaa kusafirishia mafaili lakini hazifai kuachwa sandukuni kwa miaka.

Hifadhi ya wingu, yaani kukodi nafasi katika kompyuta za kampuni kupitia intaneti, hulinda dhidi ya moto na wizi wa nyumbani, lakini hudai malipo ya kila mwezi yasiyokoma na intaneti yenye kasi. Gigabaiti 135 zikipandishwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua saa 60 bila kukatika, na akaunti ambayo haikulipiwa, au ambayo nywila yake ilijulikana na marehemu peke yake, huweza kufungwa pamoja na vyote vilivyomo.

Mbele ya vyombo hivyo diski ina sifa moja kubwa: ile ya kuandikwa mara moja haiwezi kufutwa kwa kubonyeza kitufe kwa bahati mbaya, wala kubadilishwa na virusi vya kompyuta, vikiwemo vile vinavyofunga mafaili ya mtu na kumdai fidia. Sifa hiyo haikuwavutia watu wa nyumbani peke yao, kwani mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilionyesha kabati la majaribio lenye diski 10,000 za Blu-ray, lenye jumla ya petabaiti moja, yaani gigabaiti milioni moja, kwa ajili ya picha na video zinazotazamwa kwa nadra.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Kwa kuwa kila chombo kina namna yake ya kufa, njia ya busara ni kuvichanganya. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye anayetajwa kuieneza kanuni ya tatu, mbili, moja, inayotaka kuwe na nakala tatu za kila faili, katika aina mbili za vyombo, na moja kati yake iwe mahali pengine. Kwa familia ya kawaida kanuni hiyo hutimizwa kwa nakala moja katika kompyuta au diski ngumu ya nyumbani, ya pili katika diski za Blu-ray au DVD, na ya tatu, iwe diski au diski ngumu, kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Uzito wa nakala ya mbali ulidhihirika katika studio ya Pixar mwaka 1998, wakati filamu ya Toy Story 2 ilipokuwa ikitengenezwa na amri iliyotolewa kimakosa katika kompyuta ikafuta sehemu kubwa ya kazi. Studio hiyo ilikuwa na mfumo wa nakala za akiba, lakini ulipohitajika iligundulika kwamba nakala hizo zilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeijua, na filamu iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wake, alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani kwake, alikokuwa akifanyia kazi baada ya kujifungua. Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa pamoja: nakala isiyokaguliwa haipaswi kuhesabiwa kuwa ni nakala, na nyumba ya pili huokoa kile ambacho ya kwanza imekipoteza.

Mashine hutoweka kabla ya diski

Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, sensa ya mali na ardhi iliyofanywa kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza mwaka 1086, kwa kukusanya maelezo na picha za maisha ya Waingereza, kazi ambayo zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi, walishiriki. Matokeo yake yaliwekwa katika diski kubwa za leza zilizosomwa kwa mashine maalumu iliyounganishwa na kompyuta ya aina moja ya wakati huo, na haukupita muda mrefu mashine hizo zikawa adimu, hata mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kutengeneza programu inayoiga kompyuta ile ili yaliyomo yaweze kuonekana tena. Kitabu cha miaka 900 kilikuwa bado kinasomeka kwa macho, huku diski za miaka 16 zikihitaji kazi ya wataalamu.

Njia hiyohiyo inapitiwa sasa na vyombo vilivyo majumbani. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za kanda za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Panasonic iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kuandikwa mwaka 2023, na Sony ikaacha kutengeneza zake mwezi Februari 2025, pamoja na kanda za MiniDV. Diski za kampuni nyingine bado zinapatikana, lakini kompyuta mpakato mpya huuzwa bila mashine ya diski, na mwenye hifadhi ya diski anapaswa kumiliki mashine ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB, na kuitunza kwa uangalifu uleule anaozitunza diski.

Kutokana na hali hiyo, kazi ya mwisho ya mhifadhi ni uhamishaji, yaani kuyanakili mafaili yote katika chombo cha kizazi kipya wakati cha zamani kingali kinasomeka. Inafaa kufanya hivyo kila baada ya miaka mitano hadi kumi, kwa kuanza na vile vilivyo hatarini zaidi, ambavyo ni kanda za VHS na MiniDV zilizofungiwa masandukuni, kisha CD na DVD za zamani zilizochomwa nyumbani, na mwisho mafaili ya simu. Kila diski iandikwe tukio, mahali na mwaka, na pawepo daftari la karatasi linaloorodhesha yaliyomo na majina ya watu wanaoonekana, kwa sababu video ambayo hakuna ajuaye waliomo imekwisha kupoteza nusu ya thamani yake.

Familia yenye video katika simu moja tu, au katika kanda ambazo deki yake imekufa, isisubiri fedha za kununua vyombo vyote wala utaalamu wa kuyafahamu yote yaliyoelezwa hapa. Ichague matukio matatu ambayo isingestahimili kuyapoteza, iyanakili biti kwa biti katika diski mbili, izihakiki zote mbili, na moja iipeleke kwa ndugu wa kuaminika kabla ya mwezi huu kwisha. Kisha imteue kijana mmoja katika ukoo awe mwenye dhamana ya kuzikagua kila mwaka, na imkabidhi dhamana hiyo mbele ya wazee.